Liwa ya Bure ya Bwana Marashi

Paukwa. Mbona mnaitikia kama wenye njaa? Paukwa tena. Haya, sasa nimewasikia.

Hapo kale, wajukuu zangu, kabla kioo hakijafika pwani hii, mtu hakuujua uso wake. Ukitaka kujua kama umependeza, unamwuliza jirani, na jirani akiwa na wivu, umekwisha.

Mji wa Mkunguni ulikuwa na desturi iliyoshikwa kuliko sheria: chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Ukiletewa mchuzi, bakuli utalirudisha na chochote, walau ndimu. Arudishaye kitupu alichekwa mpaka kaburini.

Basi akaja mtu wakamwita Bwana Marashi, maana alinukia kabla hajafika. Akapita mlango kwa mlango na vibakuli vya liwa ya kulainisha uso. "Jaribuni, mama zangu. Bure." Bure, jamani. Hata nyinyi mngenyoosha mkono, msinidanganye.

Wakapaka, wakaambiana wamependeza. Bwana Marashi akarudi.

"Kibakuli changu?"

"Hiki hapa."

"Kitupu?"

Wakaona haya, wakakijaza mchele. Asubuhi wakakuta mlangoni bakuli la liwa, kubwa zaidi.

"Lakini sikuagiza."

"Kwani ulinikataza?"

Wakajaza. Likaja kubwa kuliko hilo, wakajaza. Likaja kubwa kuliko hilo, wakajaza, na kila mmoja akanyamaza, akidhani mjinga ni yeye peke yake.

Sasa, palikuwa na mjane, Mwanatumu, mwenye mtoto mchanga. Maziwa yalikuwa yamemkauka, mtoto akiishi kwa maziwa ya mbuzi. Akaletewa chungu kizima cha liwa, na ndani hana hata punje ya mchele.

"Chukua liwa yako," akasema.

"Imeshalala kwako, ni yako. Kesho nikute chungu kimejaa, au nimchukue yule mbuzi."

"Na mwanangu atakunywa nini, bwana?"

"Mwanao sikumleta mimi."

Mnamsikia? Mimi namchukia mpaka leo, ingawa mifupa yake imeshaoza.

Mwanatumu akalia. Kisha akafanya ambalo wenzake hawakulifanya: akaenda kwa jirani yake, Bi Mosi, akasema yote. Bi Mosi akashika kiuno. "Kumbe na wewe, mwanangu? Mimi nimebaki na jogoo tu." Wakaenda nyumba ya pili, kumbe naye. Wakaenda ya mbele yake, kumbe naye.

Asubuhi, watu wanatoka msikitini, wanawake wakajipanga mlangoni kwa Bwana Marashi na majungu ya harusi, mapipa na mitungi. Ndani ya kila chombo mna kaimati moja, kidonge cha unga kilichokaangwa na kuvikwa sukari.

"Onja, bwana," akasema Mwanatumu. "Bure."

Mpenda vya watu akaila. Akaenda jungu la pili, akaila. Akaenda pipa, akaingiza kichwa, akaila. Alipofika mwisho wa mstari analamba vidole.

"Tamu. Haya, chukueni vyombo vyenu."

"Vitupu?"

Bwana Marashi akaugeukia ule mstari wa vyombo.

"Lakini... sikuagiza."

"Kwani ulitukataza?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Bwana Marashi alijua fika: akivirudisha vitupu, pwani nzima hapana mlango utakaomfungukia tena. Akajaza mchele. Akajaza kuku. Akajaza kila alichokusanya, ghala likabaki kuta.

Mwanatumu akachota mchele katika jungu lake, akakijaza kile chungu cha liwa, akamtwika kichwani. "Chombo chako hicho, bwana. Na leo nakukataza, mbele ya watu hawa: usilete kingine."

Vigelegele vikamsindikiza mpaka nje ya mji. Mwanatumu akaenda zake uani kumkama mbuzi, na mtoto akashiba.

Rahisi ghali, walisema wahenga. Basi bure ni ghali mara ngapi? Akupaye bure mwulize mwisho wake kabla hujapaka. Na ukinaswa, sema. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Hapo ndipo ulimi wangu unapoketi. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nilaumuni mimi, nimezoea.