Shamba Lililonyweshwa Chumvi

Hapo zamani, katika kijiji cha Kirinjo, kwenye tambarare kavu chini ya milima, aliishi mjane mmoja aitwaye Nakijwa. Mumewe alimwachia shamba na kisima. Shamba lilikuwa jeupe kwa chumvi, utadhani limemwagiwa unga. Na maji ya kisima? Ukiyaonja unakunja uso. Lakini mto ulikuwa mbali na mvua ilikuwa ya kubahatisha, hivyo alikuwa na maji hayo hayo.

Shemeji yake Mrindoko, mkubwa wa ukoo, akamwambia mbele ya watu, "Shemeji, hili si shamba tena. Tulifanye malisho ya mbuzi, nawe urudi kwa baba yako."

"Nipe misimu mitatu, shemeji," akasema Nakijwa.

Mrindoko akacheka mpaka akashika mbavu. "Chukua mitatu! Likitoa chakula, ni lako maisha. Tena litaitwa kwa jina la yule atakayeliponya. Jina moja tu, wajukuu wetu walitaje."

Msimu wa kwanza Nakijwa akapanda mahindi. Kila asubuhi alichota maji, akanyunyiza kidogo kidogo, kwa huruma, kama anayemnywesha mtoto mgonjwa. Mahindi yakaungua ncha, yakakauka. Weupe ukazidi. Nakijwa akakaa juu ya tuta akalia.

Bibi Namsemba, jirani asiyejua kunyamaza, akapita na kuni zake. "Mwanangu, unalilia nini na wewe ndiye unayelitia chumvi? Maji kidogo hayashuki. Jua linayanywa, chumvi inabaki juu. Mwaga mengi kwa mkupuo, udongo ulowe mpaka chini, kisha acha siku kadhaa. Isukume chumvi iende chini, mizizi isiikute."

Nakijwa akachota, akamwaga, akachota, akamwaga, viganja vikatoka malengelenge. Kumbe chini kulikuwa na udongo mgumu kama sakafu. Maji yakatuama, shamba likawa bwawa. Vyura wakahamia. Watu wakapita wakicheka, "Nakijwa analima vyura!" Mwenyewe akajikuta anacheka nao, ingawa moyoni aliwahesabu mbuzi wa Mrindoko wanaosubiri malisho.

Habari zikamfikia Senkondo, mchimba visima, mtu wa maneno machache. Akaja, akachomeka fimbo kwenye tope, akasema, "Maji hayana mlango." Akachimba mtaro wa kimo cha kifua, kutoka shambani hadi korongoni, siku ishirini, na malipo yake yakawa uji wa Nakijwa tu. Maji yalipomwagwa tena, yakachuruzika mtaroni. Nakijwa akayaonja, akatema, akapiga vigelegele. "Machungu kuliko ya kisimani! Inatoka! Chumvi inatoka!" Akacheza ndani ya tope, na Senkondo, asiyecheza hata harusini, akatikisa bega.

Msimu wa pili mahindi yakaota, yakafika magotini, yakawa manjano, yakafa. Chumvi ilikuwa imepungua, lakini haikuwa imekwisha, na kila ndoo ya kisima ilileta nyingine.

Msimu wa tatu ukabisha hodi. Siku hizo aliletwa kijijini bi harusi aitwaye Nangasu, kutoka nchi ya mbali iliyojaa chumvi. Akaja shambani, akafungua fundo la khanga yake. Ndani mlikuwa na mbegu za mtama alizopewa na mama yake kwa ajili ya shamba lake la kwanza.

"Dada, mahindi yana deko," akasema. "Mtama huu umekulia kwenye chumvi. Ila usiupande juu ya tuta, chumvi hupanda kileleni. Upande ubavuni."

"Na wewe utapanda nini?"

"Mimi nitaona."

Wakazipanda zote. Mtama ukaota, ukanenepa, ukatoa masuke mazito mpaka mabua yakainama. Siku ya kula mavuno, Mrindoko akamaliza sahani tatu za ugali, akafuta mdomo. "Shamba ni lako, shemeji. Haya, tuliite la nani?"

Namsemba akawahi. "Bila mimi angekuwa ananyunyiza mpaka leo!"

"Bila mtaro, vyura," akasema Senkondo.

Nangasu akainamisha uso. "Chumvi ilisukumwa, ikatolewa, sawa. Lakini kilichomo sahanini ni mbegu yangu, na sikubakiza hata punje."

"Au liitwe la Nakijwa, aliyechota misimu yote mitatu?" mtu akauliza.

"Mimi tayari nina shamba," akajibu Nakijwa. Akamtazama Namsemba, akamtazama Senkondo, akamtazama Nangasu. Kila aliyemtazama, moyo ulimwambia ni huyo. Akacheka peke yake na mwiko mkononi.

Nanyi mliokaa hapa mkisikiliza, msaidieni mama wa watu. Je, shamba lile lilistahili jina la nani?