Kabati la Makufuli Matatu

Jiwe moja la mekoni, hata liwe kubwa kama kichwa cha ng'ombe, haliwezi kubeba chungu. Wahenga waliliona hilo wakasema, "Jifya moja haliinjiki chungu." Lakini wapo watu wanaojaliwa mafya yote matatu, kisha kila mmoja akakalia lake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998 katika kijiji kimoja cha karibu na mlango wa Mto Ruvuma. Wanakijiji walifyatua matofali, shirika moja kutoka Mtwara mjini likaleta mabati na dawa, serikali ikamleta muuguzi, Esta. Zahanati ikasimama. Siku ya ufunguzi ngoma ilichezwa mpaka vumbi likatimka, na kila aliyeshika kipaza sauti alisifu ubia.

Ubia gani, watu hawaaminiani! Mzee Nassoro, mwenyekiti wa kijiji, alihofu kwamba muuguzi atauza dawa. Kasiani, mwakilishi wa shirika, aliwahofu wanakijiji wote kwa jumla. Wakakata shauri kabati la dawa lifungwe kama sanduku la fedha la chama cha msingi cha korosho: makufuli matatu, funguo kwa watu watatu, wala lisifunguliwe mpaka wote wawepo. Esta alipopinga aliambiwa, "Mwanangu, huo ndio ubia wenyewe."

Tangu hapo Esta hakuwa na raha. Kasiani alifika siku pikipiki yake ilipopenda. Mzee Nassoro naye, msimu wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, ulipoanza, alihamia shambani kwake na ufunguo kiunoni. Wagonjwa walipanga foleni, Esta akawapa pole. Je, alisomea uuguzi ili agawe pole? Swali hilo lilimkereketa kila alipovaa sare yake.

Asubuhi moja Somoe, mama kijana wa pale kijijini, alikuja mbio na mwanawe Sudi mgongoni. Mama yake, Bi Rukia, alimfuata akitweta. Mtoto alikuwa akichemka kwa homa na macho yamempinduka.

"Nesi, mwanangu anakufa!"

Esta alimlaza mtoto kitandani, akampima, akajua ni malaria kali. Alifungua kufuli lake. Mengine mawili yakabaki yamenuna.

"Mwenyekiti yuko shamba, Kasiani yuko Magomeni, Mtwara mjini," alisema kwa hasira. "Na dawa zimo humu, ninazinusa!"

Alikumbuka kwamba mgongo wa kabati ni ubao mwembamba tu, lakini ulikuwa umeegemea ukuta. Akalivuta kabati kwa nguvu zake zote. Halikutikisika. Akalipiga teke, kisha machozi yakamtoka.

"Mbona unavuta peke yako, nasi tupo?" Bi Rukia alifoka. "Somoe, shika huku!"

Wanawake watatu wakashika. Kabati likaguna, likasogea. Wakabandua ubao kwa panga la kufyekea uwanja wa zahanati, na Esta akaipata sindano aliyoitaka. Kufikia alasiri Sudi aliomba maji. Somoe alilia kwa sauti kubwa kuliko aliyokuja nayo.

Mkutano ulipoitwa, Mzee Nassoro alikuja amefura. "Nani kaharibu mali ya ubia?"

Kasiani aliinama, akalikagua kufuli la shirika. "Letu liko salama," alisema, akashusha pumzi.

"Liko salama, ee baba!" Bi Rukia alisimama, kanga ikimponyoka begani. "Mjukuu wangu angezikwa, kufuli likabaki salama! Mwenyekiti, tulifyatua matofali ili tuje kutazama kufuli? Jifya moja liko shambani, moja liko mjini, na hili moja linalia hapa peke yake. Chungu mtakiinjika wapi?"

Mzee Nassoro alijipapasa kiunoni, akautoa ufunguo wake, akauweka mezani bila kumtazama mtu. Kasiani akaweka wake. Kuanzia siku hiyo Esta alilifungua kabati mwenyewe, akina mama waliochaguliwa na kijiji wakawa wanakagua dawa pamoja naye, na shirika likazileta kabla hazijaisha.

Lilikuwa jambo jepesi namna hiyo. Ila ilibidi kwanza mtoto afikishwe ukingoni mwa kaburi, ndipo wakubwa wale wakubali jambo ambalo kila mpishi kijijini alilijua: jifya moja haliinjiki chungu.