Nyaya za Bwana Shekiondo

Bwana Shekiondo, baba wa bibi harusi, alimkuta Somoe, mpiga muziki, akifunga spika. Akamtupia furushi la nyaya nene kama mkono wa mtoto.

"Toa hizo takataka zako! Funga hizi za Ulaya, la sivyo hupigi muziki kwangu."

"Sawa, baba. Kakae na wageni, nikimaliza utasikia."

Taarabu ilipolia, Shekiondo alifumba macho. "Mnasikia? Asali tupu! Nyaya zake zingetukwaruza masikio."

"Kwa sauti hii, baba, nipige na harusi ya mdogo wake bibi harusi?"

"Wewe tu! Wageni mashahidi."

"Ahsante. Basi ukipita uani, inama kidogo. Kamba ya nguo ilikatika, nyaya zako nimezianikia madera ya wapishi."