Makomamanga ya Sinia la Wakwe

Paukwa.

Pakawa.

Mwitikie vizuri, na vibogoyo pia. Lakini apeni kwanza: haya hayatoki uani hapa. Mimi mwenyewe niliapa, nikaweza kukitunza kiapo mpaka mlangoni. Basi sikilizeni.

Hapo kale Bi Kanga alipanda mkomamanga uani kwake. Akautia samadi ya mbuzi. Akaumwagia maji, kata asubuhi, kata jioni, leo kata, kesho kata. Ukiunyima leo ukaugharikisha kesho, tunda linapasuka. Mwaka wa tatu ukazaa matano. Akayavika vifuko vya kitambaa, akafunga na fundo.

"Haya ni ya sinia la wakwe," akasema. "Mwanangu anaolewa Ijumaa. Nikienda mikono mitupu watanisema mpaka nife."

Jumatatu likatoweka moja na kifuko chake. Jumanne la pili. Jumatano la tatu.

Mzee Kuchakulo, yule kindi jirani yake, akaja na pole nyingi. "Pole, mwanangu. Ni Popo huyo. Nani mwingine analala mchana kutwa?"

"Mie?" akasema Popo. "Nifungue fundo kwa kidole gani, mzee?"

"Wezi hujifunza."

Mtaa ukakata shauri: Popo ahame Alhamisi.

Alhamisi wote wakajaa uani. Kuchakulo akaja wa mwisho, akitokea upande wa mkomamanga, mashavu yamefura, tutututu.

"Una nini, mzee?"

"Mmh." Akashika shavu.

"Masikini, jino hilo."

Vifaranga wa Bi Kanga wakapanga mstari kumwamkia. Mkubwa wa mtaa hapitwi hivihivi.

"Shikamoo babu."

"Mmh."

"Shikamoo babu."

"Mmh."

Watu wakaanza kunong'ona. Mzee gani haitikii shikamoo? Leo kaamka na kiburi. Kifaranga wa mwisho, mdogo kabisa, akalia: "Babu hanipendi."

Kuchakulo akaona heshima yake inaondoka. Akafungua kinywa.

"Mara—"

Pwaaa! Punje nyekundu, ta-ta-ta-ta, usoni kwa Popo, kifuani kwa Bi Kanga. Ndevu za mzee nyekundu. Kifuko cha kitambaa kikamdondoka kwapani, puu.

"—haba," akamalizia, polepole.

Bi Kanga akachuma komamanga la tano, akaliweka peke yake katikati ya sinia, akamtwika Kuchakulo kichwani.

"Kesho utalibeba wewe, mzee wangu. Wakwe wakiuliza mengine yako wapi, uwajibu kwa mdomo huohuo."

Basi, usile jasho la jirani ukamsingizia mwingine. Ngano yangu nimeitua hapo, na mimi sijasema kitu.