Ukuta Uliochakarika

Godoro lilikuwa limekwisha kufungwa juu ya mkokoteni, na mke wa mchoma chokaa alikuwa ameshika njia bila kugeuka nyuma. Watu walimwita Pumzi, kwa jinsi alivyoweza kukaa chini ya maji hata wenzake wakaanza kumwombea. Mumewe alibaki chumbani kwa binti yao, sikio kalibandika ukutani kama mtoto anayedukiza siri za wakubwa.

"Baba, toka! Maji yamefika jikoni!" binti yao alimwita.

"Nyamaza, mwanangu. Bado wanasema."

Chanzo kilikuwa chumba hichohicho. Binti alipochumbiwa, baba aliapa kumpakia kuta chokaa nyeupe pe pe pe. Matumbawe yaliyokufa hutoa chokaa ya kijivu. Weupe wa maziwa hutoka kwa yaliyo hai, hasa yale yenye matawi kama pembe za paa. Tanuru lao lilikuwa limeyala miaka nenda miaka rudi, hadi kikasalia kichaka kimoja. Wazamiaji wote walikipita mbali: kichaka mama hakiguswi.

"Mume wangu, kile ndicho mbegu," Pumzi alisema.

"Jiwe lina mbegu tangu lini? Kesho utaniambia kokoto zimejifungua!"

"Si jiwe. Ukizama unasikia mwamba mzima unachakarika kama mafuta kikaangoni. Na mwamba huo ndio unaotuvunjia mawimbi."

"Tawi moja tu, mama watoto. La mwisho."

"La mwisho ulisema mwaka jana. Safari hii, naona hutakosea."

Hata hivyo alizama, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini tawi moja lilitosha ukuta mmoja, na chumba kina kuta nne. Alipokata la nne, kichaka kilikuwa kisiki. Akatega sikio. Kimya. Mwamba wote ulikuwa umenyamaza kama nyumba iliyohamwa. Aliibuka, na hakuzama tena.

Chumba kilimeremeta. Asubuhi ya kwanza bibi harusi aliuliza nani anakaanga. Jiko lilikuwa baridi. Sauti ilitoka ukutani, kavu, ya haraka, kama vinywa vidogo maelfu vikinong'onezana. Bwana harusi akabandika sikio, akachukua viatu vyake mkononi, akaondoka. Na bahari, iliyokuwa ikivunjikia mbali, ikaanza kusogea: leo uani, kesho kizingitini, hata ikaingia jikoni.

Bwana harusi hakurudi. Binti anashona nguo katika mji usio na pwani. Pumzi anafua kwa watu, wala hainamishi uso juu ya beseni. Mchoma chokaa alitolewa kwa kukokotwa. Anaishi kwenye chumba cha mabati, na wageni wakizungumza huwaomba wanyamaze asikie. Nyumba imekwenda na maji, isipokuwa ukuta mmoja mweupe, ambao bado unachakarika. Kichaka hakijaota. Chovya chovya humaliza buyu la asali.