Muhanga Aliyekataa Kutoroka

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitika kama watu wenye njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Sogeeni karibu na moto. Kale hiyo, wanyama waliposemezana kama mimi na nyinyi, palikuwa na nchi iitwayo Kichuguuni. Humo aliishi Bi Muhanga, yule mla mchwa mwenye masikio marefu kama ya punda, pua kama ya nguruwe, na kucha zinazochimba kuliko jembe lolote.

Bi Muhanga alikuwa amejichimbia nyumba ardhini kwa kucha zake mwenyewe. Ilikuwa na sebule, ilikuwa na chumba, ilikuwa na mlango wa uani. Basi asubuhi moja alirudi kutoka kutafuta mchwa, akakuta mifupa imetapakaa mlangoni pake. Mifupa, jamani! Na ndani kuna mtu anakoroma.

"Hodi kwangu mwenyewe!" akaita. "Nani humo?"

Kikatoka kichwa cha Fisi. Huyu Fisi ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi. Raia walimchagua kwa kura miaka mingi nyuma, na tangu siku hiyo hakuna aliyeona kura nyingine.

"Bi Muhanga, habari za asubuhi," alisema Fisi huku akipiga miayo. "Usiingie. Hii sasa ni nyumba ya serikali."

"Ya serikali tangu lini?"

"Tangu jana. Kuna sheria mpya. Kila shimo lililochimbwa ni mali ya serikali, na aliyelichimba ana kosa."

"Mimi nilichimba mwaka juzi! Sheria ya jana itaniadhibuje kwa kazi ya mwaka juzi? Nani kaitunga?"

"Mimi."

"Nani atanikamata?"

"Mimi."

"Na nani atanihukumu?"

"Mimi!" Fisi akacheka kile kicheko chake, mnakijua. "Na nimeshakuhukumu. Kifungo, mpaka nitakaposema basi."

Masikio ya Bi Muhanga yalisimama wima. Hakuulizwa swali. Hakuitwa shahidi. Hakupewa nafasi ya kujitetea. Nguchiro, askari wa Fisi, alimsukuma mpaka gerezani, na gereza lenyewe lilikuwa nini? Shimo!

Jamani, mmewahi kusikia muhanga amefungwa shimoni? Kabla askari hajamaliza kupiga chafya, muhanga ameshachimba akatokea upande wa pili. Fisi alilijua hilo. Ndilo alilolitaka.

Siku ya kwanza alikuja Ngiri, jirani yake, akachungulia.

"Dada, unangoja nini? Chimba utoke! Tutakuvusha mto."

"Siondoki," alisema Bi Muhanga. "Nikitoroka, Fisi atasema, mnaona, mkosaji amekimbia. Na ile sheria itabaki. Nataka kusikilizwa."

"Lakini dada, utakufa na njaa humo!"

"Siondoki, Ngiri. Niletee mchwa ukipata."

Siku ya pili alikuja Nguchiro. Aliangalia huku, akaangalia kule.

"Mama, mkubwa amesema niende mtoni nikaoge. Nitachelewa kurudi. Nitachelewa sana."

"Nenda, mwanangu, maana kweli unanuka. Utanikuta hapa hapa. Siondoki. Nataka kusikilizwa."

Nguchiro akaenda zake. Bi Muhanga akabaki peke yake, na kucha zikaanza kumwasha. Aliukwaruza ukuta wa shimo kidogo tu, udongo ukaanguka, laini kama unga. Aliikumbuka sebule yake. Akamfikiria Fisi amejilaza mle, anatafuna. Machozi yakamtoka, nayo hayakuwa ya huzuni. Akaikunja miguu yake ya mbele, akailalia, isije ikamwaibisha.

Siku ya tatu alikuja Fisi mwenyewe.

"Bado upo? Toka basi! Nimekusamehe."

"Umenisamehe kosa gani?"

"Mwanamke mbishi wewe! Watu hufungwa wakaomba kutoka, wewe unaambiwa utoke unakataa?"

"Siondoki. Nataka kusikilizwa, na si na wewe. Nakata rufaa."

"Rufaa kwa nani, na hakimu ni mimi?"

"Kwa raia wa Kichuguuni."

Fisi akacheka tena, lakini alichelewa. Habari ilikuwa imeshaenea nchi nzima kwamba kuna muhanga yuko shimoni anakataa kutoka. Walikuja kumshangaa. Alikuja Ngiri na wanawe, akaja Nungunungu, akaja Kanga na ukoo wake mzima, wakalizunguka shimo. Wengine walikuwa wanacheka.

"Tawanyikeni!" alipiga kelele Fisi. "Kesi imekwisha!"

"Haijaanza!" ilijibu sauti kutoka chini. "Ngiri! Unalala wapi?"

"Shimoni, dada."

"Nani alilichimba?"

"Wewe, kabla hujahamia nyumba yako ya sasa."

"Nungunungu, na wewe?"

Nungunungu akainamisha kichwa. Na yeye alilala katika shimo la zamani la Bi Muhanga. Kicheko kikakatika.

"Basi hiyo sheria imeanza kwangu, kesho itabisha hodi kwenu! Haya, niambieni. Watoto wenu wakicheza, wanaimba nini?"

Wakatazamana. Mtoto mmoja wa Kanga akaanza, wenzake wakadakia:

"Sheria itungwe na wote,
mshtakiwa asikilizwe,
mlalamikaji asihukumu!"

"Mnajua huo ni wimbo gani?" Bi Muhanga alipaza sauti kutoka shimoni. "Hiyo ni katiba yetu! Ndiyo makubaliano waliyoapa babu zetu siku walipohamia nchi hii. Mmewafundisha watoto kuiimba wakiruka kamba, na nyinyi wenyewe mkasahau maneno! Nani kati yenu aliitwa kutunga sheria ya mashimo?"

"Si mimi," alisema Ngiri.

"Si mimi," alisema Nungunungu.

"Si mimi!" alisema Kanga, na manyoya yakamsimama.

Wakapiga kura pale pale. Anayeikataa sheria asimame upande wa kulia wa shimo. Walivuka wote. Akabaki Nguchiro. Alimtazama Fisi, akalitazama shimo, kisha akavuka na yeye, mkia chini. Sheria ya mashimo ikafutwa, na kwa kura ya pili Fisi akavuliwa uongozi.

Ndipo umati ulipochemka.

"Fisi afungwe!" alinguruma Ngiri. "Shimoni! Sasa hivi!"

"Afungwe! Afungwe! Afungwe!"

Ardhi ikapasuka nyuma yao. Bi Muhanga alikuwa ametoka, vumbi mpaka kwenye kope.

"Asikilizwe kwanza," alisema.

Ngiri akamgeukia. "Nani? Huyu? Aliyekulaza na njaa siku tatu?"

"Huyu huyu."

Alilisema neno hilo kwa uchungu, kama mtu anayemeza kitu kibichi. Hakuna alichokitaka siku ile kama kumwona Fisi akisukumwa chini. "Na mimi nisiwe hakimu," aliongeza, "maana mlalamikaji ni mimi."

Wakamchagua Kanga awe hakimu. Fisi akaapa kusema kweli, akasema uongo asubuhi nzima. Mashahidi wakaitwa, Nguchiro akaeleza jinsi alivyotumwa kuoga. Jua lilipofika utosini Kanga akatoa hukumu. Fisi ana hatia. Ataondoa mifupa yake yote kwa meno yake mwenyewe mbele ya watu, ataisafisha nyumba ya Bi Muhanga, na hataongoza tena.

Akaisafisha. Lakini harufu ya fisi haitoki kwa kufagia, na Bi Muhanga alilazimika kwenda kuchimba kwingine, huku akilaani kila alipotupa udongo. Hakumsamehe Fisi. Hata salamu yake hakuiitikia maisha yake yote. Ila katika kesi ile alikaa mstari wa mbele, masikio wima, akamsikiliza mpaka neno lake la mwisho.

Ngano yangu imeishia hapo.