Pilau ya Zilfunjani

Palikuwa na Sultani mwenye tausi arobaini na asiye na pa kuwalaza. Jumba lake lilijaa, ua wake ulijaa, na tausi, jamani, akimwona mwenziwe kainua mkia, hapo hapo ugomvi. Ubavuni mwa jumba palikuwa na kiwanja kimoja tu, nacho kilikuwa cha Bi Mwanamize, mjane mpika pilau, mwenye masufuria mawili na ulimi mmoja uliotosha mji mzima. Pale alipika, pale alilala, na pale alilea wanawe wanne.

Sultani angeweza kumfukuza tu, lakini alipenda kuitwa mwadilifu. Basi akakaa na Waziri wake, wakatafuta hila, wakaipata. Jumatatu Bi Mwanamize akaitwa barazani.

"Mwanamize," akasema Sultani, "nasikia unajisifu kuwa hakuna pilau usiyoiweza."

"Wanaosema ni walaji, Bwana wangu. Mimi nanyamaza."

"Wewe unanyamaza?"

"Nikiwa naonja chumvi, Bwana wangu."

Baraza likacheka. Sultani hakucheka.

"Ijumaa baada ya sala nataka pilau ya zilfunjani. Ikipungukiwa na kitu chochote, kiwanja changu."

"Na isipopungukiwa na kitu?"

"Kiwanja chako, na cha wanao, na cha wajukuu zako."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele ya wote hawa."

Zilfunjani! Bi Mwanamize alijua hiliki, alijua kungumanga, alijua zafarani ya kweli na ile ya kudanganyia wageni. Zilfunjani hakupata kuisikia. Angeisikia wapi? Sultani na Waziri walilitunga jina hilo asubuhi ile ile, wakinywa kahawa, na Waziri alicheka hadi kikombe kikamponyoka.

Bi Mwanamize akajitanda kanga, akaenda mtaa wa maduka. Sasa wauza viungo wa mji ule walikuwa na ugonjwa mmoja: mwenye duka alikuwa radhi ang'olewe jino kuliko kutamka neno "sina", na radhi ang'olewe yote kuliko kutamka "sijui".

Akaanza kwa Lalji.

"Zilfunjani?" Lalji akajipiga paja. "Mama, ungekuja jana! Mizizi mizuri, minene hivi. Imekwisha yote."

"Maskini mimi! Nani kanunua, nikamwombe japo kipande?"

Lalji akavuta shingo juu. "Nani tena, mama? Jumba la Sultani. Jumba halinunui kwingine ila kwangu."

Akaenda kwa Bamukheri, jirani wa Lalji.

"Unataka maua mekundu au meupe?" akauliza Bamukheri bila kupepesa jicho.

"Maua?"

"Zilfunjani ni maua, bibi. Mekundu yamekwisha, meupe yanakuja wiki ijayo."

"Yamenunuliwa na nani?"

"Jumba la Sultani. Wanajua duka la kweli liko wapi."

Akaingia kwa Mzee Kibwana, duka la mwisho mtaani.

"Hao wawili wasikuharibie akili, mwanangu," akasema Mzee Kibwana. "Zilfunjani ni mafuta. Nilikuwa na chupa tatu. Jumba la Sultani wamezichukua zote juzi."

Bi Mwanamize akatoka nje, akakaa kwenye kibaraza. Mizizi. Maua. Mafuta. Akafikiri kidogo. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi kanga ikamvuka kichwani, na wapita njia wakadhani mjane wa watu amerukwa na akili.

Akarudi duka kwa duka. "Ijumaa njoo barazani," akamwambia kila mmoja. "Watu wasikie wenyewe kuwa jumba linanunua kwako." Nani angekataa?

Ijumaa baraza lilifurika. Bi Mwanamize akaweka sinia mbele ya Sultani, akafunua kawa. Harufu ya pilau ikatambaa hadi kwa walinzi wa mlangoni, nao wakaingia ndani bila kuitwa.

"Zilfunjani imo?" akauliza Sultani.

"Haimo, Bwana wangu."

Waziri akamgusa Sultani ubavu. Nje tausi mmoja akalia.

"Basi funga virago."

"Nitafunga. Ila haimo kwa sababu mjini imekwisha, na imekwisha kwa sababu wewe umeinunua yote. Mashahidi hawa hapa."

Wenye maduka wakajitokeza, kila mmoja kavaa kanzu ya Idi.

"Mizizi yote ilikuja humu," akasema Lalji.

"Mizizi gani? Maua! Maua yangu!" akafoka Bamukheri.

"Chupa tatu, Bwana wangu," akasema Mzee Kibwana, "na za kwangu ndizo safi."

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akatazama dari. Sultani akikubali, zilfunjani imo ghalani mwake, na mjane kanyimwa kiungo na yule yule anayemhukumu.

"Waongo nyote!" akanguruma. "Sijanunua kitu! Zilfunjani haipo! Haipo sokoni, haipo ghalani, haipo duniani! Nimeitunga mimi mwenyewe!"

Lalji akaanza kuitazama mikono yake, Bamukheri akajificha nyuma ya Mzee Kibwana.

Bi Mwanamize akainama kwa adabu, akalisogeza sinia karibu zaidi.

"Kama haipo duniani, Bwana wangu, basi pilau hii imepungukiwa na nini? Nawa mikono ule, na hao tausi watafutie pengine."